Mwenye Shamba na Mwenye Jembe

Kuna suali ambalo wengi wetu sisi watu wa mijini hatupendi kuulizwa, nalo ni hili: mtu aliyerithi shamba asilolilima, je, ana haki ya kumkataza anayelilima asipande mti? Twaliuliza kwa sababu mvua imegeuka, na jawabu yake yawahusu wanaokula na wanaolala na njaa.

Kwanza tutazame hali ilivyo. Wazee wetu walizihisabu nyakati kwa Kaskazi na Kusi, wakangoja masika na vuli, na hisabu hiyo ikawafaa. Sasa yapotea. Tangu vuli ya mwaka 2020 hata vuli ya 2022, misimu mitano kwa kufuatana, mvua ilipungua mno katika sehemu kubwa za Kenya, na Kilifi, Kwale, Lamu na Tana River zote zilidhurika. Kisha vuli ya 2023 ikaleta mafuriko. Wenye ilimu ya hewa watueleza kwamba joto huongeza ukali wa mambo yote mawili: hewa ikizidi joto kwa digrii moja huweza kuchukua mvuke zaidi kwa kadiri ya asilimia 7. Huufyonza udongo upesi, na inapomwaga humwaga kwa wingi.

Huenda mtu akasema: "Joto hili hatukulileta sisi, ni moshi wa nchi tajiri." Ni kweli. Moshi wa Kenya haufiki sehemu 1 katika 100 ya moshi wote wa dunia, na ni haki kuwadai walioharibu. Mfuko wa fidia uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 ni mwanzo wa dai hilo. Lakini dhulma ya aliye mbali haimwondolei wajibu aliye karibu. Amdaiye tajiri wa Ulaya insafu, naye akamnyima insafu jirani yake wa Kilifi, dai lake lina uzito gani? Mwengine atasema mvua ni ya Mwenyezi Mungu, tutawakali. Naam, lakini tawakuli humfuata mtu aliyekwisha kufanya lililo mkononi mwake.

Basi mkulima afanye nini? Yako mambo ya msimu mmoja. Apunguze mahindi, ambayo yakikosa maji wakati wa kutoa ndevu hayatii punje, azidishe muhogo, mtama, kunde na pojo. Achague mbegu ikomaayo upesi. Aufunike udongo kwa majani makavu usikauke. Wala asiambiwe kuwa aacha mila ya wazee, kwani mahindi, muhogo na mkanju vyote asili yake ni Amerika, na wazee wetu walivipokea walipoona vyawafaa.

Lakini yako mengine, na ndiyo makubwa, yatakayo miaka: kukinga maji kwa matuta, kuchimba visima, na kupanda minazi, mikanju na miembe, ambayo mizizi yake hushika udongo na huweza kuzaa hata mwaka ambao mahindi yamekufa. Mnazi wetu mrefu hutaka kadiri ya miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa. Ni nani atakayeupanda katika ardhi awezayo kufukuzwa kesho? Tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, watu wengi wa pwani wamekuwa wakilima ardhi zenye hati za wengine. Na wenye hati wengi huwaruhusu mahindi na muhogo, wakawakataza miti ya kudumu.

Twaijua khofu ya mwenye hati: atakayepanda mti leo atadai ardhi kesho. Khofu hiyo ina sababu, lakini dawa yake si katazo. Desturi ya pwani tangu zamani yajua kuwa minazi yaweza kuwa na mwenyewe, na ardhi ikawa na mwenyewe mwengine. Vitabu vya fiqhi vina mlango mzima wa musaqa, ambayo ni mapatano ya mwenye miti na mtunzaji kugawana matunda. Na dini yetu imetuamrisha kuandika madeni mbele ya mashahidi. Basi na yaandikwe: mkulima atakaa miaka mingapi, matunda yatagawanywa vipi, na akiondoshwa atalipwa nini kwa miti yake. Karatasi hiyo humlinda mwenye hati kuliko katazo, kwani katazo humwachia ardhi tupu ambayo kila gharika hupunguza udongo wake.

Aliye na hati sandukuni na aitoe, aende shamba kabla ya masika, akae na mlimaji wake waandikiane. Mvua hatuwezi kuiamrisha. Mkataba twaweza kuuandika.