Dhamana ya Mwenye Kutibu

Yako maneno yasemwayo siku hizi, kwamba ili kila mtu apate tiba, matabibu wa miti shamba watiwe katika mpango wa afya wa serikali. Si jambo geni. Mkutano wa mataifa wa Alma-Ata, mwaka 1978, uliwataja waganga wa jadi, na Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 ikaagiza tiba ya asili itungiwe taratibu.

Wako wanaoicheka mizizi. Hao twawauliza: artemisinini, itibuyo malaria leo, imetoka wapi? Bibi Tu Youyou wa China alisoma kitabu cha zaidi ya miaka 1,600 kilichoagiza mmea urowekwe katika maji, kisha ukamuliwe. Hakikutaja kuchemsha. Akatambua kwamba moto ndio uliokuwa ukiiua nguvu ya dawa. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Lakini hakuiamini kwa ukale wake. Aliijaribu kwa wanyama, kisha akainywa yeye na wenziwe kabla ya kuwapa wagonjwa.

Huko Brussels, mapema katika miaka ya 1990, wanawake walipewa dawa ya kupunguza unene iliyotiwa mmea usio wenyewe. Figo zao zikafa. Huo nao ulikuwa mti shamba.

Imepokewa kwa Mtume (S.A.W.) kwamba atibuye watu naye hajulikani kwa utabibu, madhara yatokeayo ni juu yake. Basi hatuulizi dawa ni ya kale au ya kisasa. Twauliza ni nani mwenye dhamana.

Wangapi mitaani mwetu hunywa mwarobaini nyumbani, kisha wakamficha daktari kwa kuchelea kukaripiwa? Daktari naye huongeza vidonge juu ya asichokijua. Hapa makosa ni ya pande mbili, na anayeumia ni mgonjwa.

Twataka tabibu ataje mti wake na kipimo chake, na ugonjwa uliomshinda aupeleke hospitali upesi. Akikataa kuulizwa, asitiwe. (Wapiga ramli hawamo katika maneno yetu.) Na ikiwa maana ya mpango huu ni tajiri apelekwe kwa daktari, na maskini apewe majani yasiyopimwa kwa kuwa ni rahisi, sisi hatuukubali.