Mgongo Hauna Dirisha?

Swali langu linaanzia zizini. Je, tuna haki gani ya kuchungulia ndani ya kiumbe ambaye hatuwezi kumponya?

Mwaka jana hapa Nyahanga, Kahama, mbuzi wa babu alizaa mtoto ambaye miguu yake ya nyuma ilikuwa kama si yake. Anaburuta kiuno, analia, lakini kunyonya ananyonya vizuri tu. Babu akaagiza kisu. Nikamwambia, "Babu, subiri kwanza, huenda ni mgongo." Akanijibu, "Mjukuu wangu, mgongo una dirisha?"

Kumbe lipo! Mtoto mchanga wa binadamu, pingili zake kwa upande wa nyuma bado zina gegedu. Mawimbi ya sauti ya ultrasaundi hupenya humo na kurudi na picha ya ugwe wa neva: umelala wapi, umenaswa, una uvimbe wa maji. Mifupa ikishakomaa, sauti inagonga na kurudi. Basi, dirisha limefungwa.

Lakini twende taratibu. Tuseme mashine ingefika zizini (ndoto hiyo, jamani). Huenda ingeonyesha ugwe wenye kasoro ya umbile. Ule ugonjwa wa mama kukosa madini ya shaba, unaolemaza watoto wa mbuzi vivyo hivyo, huenda isiuonyeshe kabisa, maana huo huharibu utando wa neva bila kugusa umbo. Na hata ikionyesha, mtoto hatembei. Picha si dawa. Babu angeuliza: umemshikilia dakika zote hizo ya nini?

Hapo nilikwama hadi jioni. Tulikuwa tumeshamfukia nyuma ya zizi, maneno yakaanza: nani alipita hapa, nani alimsifia mbuzi akiwa na mimba? Likatajwa jina la bibi mmoja jirani, mjane, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Nanyi mnajua, katika Usukuma wetu, macho mekundu yamewagharimu nini vikongwe. Nikaona kwamba mwenye haja na ile picha hakuwa mtoto wa mbuzi, alikuwa yule bibi.

Mtasema, basi mnyama anateswa kwa faida ya mtu mwingine, si dhuluma hiyo? Ni dhuluma, ndogo, nami ningeibeba. Kinachonisumbua zaidi ni kingine. Mwenye kuamini uchawi, ukimwonyesha ugwe uliopinda, atakuuliza: na nani aliupinda? Mashine inaeleza namna; yeye anauliza kwa nini mbuzi wangu. Kwa hilo sina jibu hadi leo.

Kesho yake nilikwenda kwa yule bibi. Sikumwambia lolote. Alikuwa anapepeta mchele. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Mama mbuzi anakula?" Nikasema anakula kidogo.

"Mnunulieni lile jiwe la kulamba," akasema, "mbuzi wenu hawapati madini."