Je, "Niko Vile Vile" ni Ushuhuda?

Kuna swali limekuwa likinisumbua: ukipewa nafasi ya kushuhudia na huna jambo kubwa la kusema, utasema nini? Wengi tunaongeza chumvi kidogo. Nani anataka kusimama aseme, "Mwaka huu niko vile vile"?

Mwanga nimeupata mahali sikutarajia, kwa trilobaiti. Hawa walikuwa wanyama wa baharini wenye magamba magumu, waliotoweka yapata miaka milioni 252 iliyopita. Mabaki yao yamehifadhiwa kwenye mawe. Miaka ya 1960 ikielekea kuisha, Mmarekani Niles Eldredge, akiwa bado mwanafunzi, alichunguza trilobaiti aina ya Phacops kutoka New York hadi Ohio. Alitarajia kuona wakibadilika polepole, tabaka baada ya tabaka. Akapima na kupima, na mnyama ni yule yule. Alidhani kazi yake imeharibika.

Hebu fikiria jaribu lililokuwepo hapo. Ukisogeza rula kidogo tu, nani atajua? Yeye aliendelea kuhesabu. Kwenye jicho akakuta safu za lenzi zimetoka 18 zikawa 17. Badiliko hilo lilitokea upande mmoja kwa muda mfupi, kisha likaenea. Mwaka 1972, yeye na Stephen Jay Gould waliandika kwamba kutobadilika nako ni habari.

Lakini pia hawakufunga mjadala. Mwaka 1987 Peter Sheldon alichapisha uchunguzi wa trilobaiti kama 15,000 kutoka Wales. Huko mbavu za mkia ziliongezeka polepole, hata ikawa vigumu kusema aina moja inaishia wapi. Kila mmoja alisema alichokiona kwenye mawe yake.

Mtu ataniuliza: si ushuhuda mkubwa huwatia watu moyo? Ni kweli, ukiwa wa kweli. Lakini mgonjwa akisikia uponyaji uliotiwa chumvi anaweza kuacha dawa. Hapo chumvi yetu imekuwa sumu.

Kwa hivyo, aliyebadilika siku moja aseme. Ambaye hasira yake inapungua kidogo kidogo aseme. Na yule anayeomba mwaka wa tano na ugonjwa bado uko, naye apewe maikrofoni, na tusimuulize imani yake iko wapi. Tumsikilize mpaka amalize, halafu tuseme amina kama tulivyowaambia wengine.