Ritani za Mwaka Juzi



Wengi wetu tulichukua PIN ya KRA tukitafuta mkopo wa HELB, kisha tukaisahau. Mimi pia. Juzi nimefungua iTax nikakuta miaka miwili haijajazwa, na faini ya kila mwaka ni angalau shilingi 2,000. Jamaa wa saiba akaniambia, "Braza, weka nil zote, tumalize." Lakini mwaka mmoja kati ya hiyo nilifundisha shule fulani kwa mshahara.

Tena PAYE ilishakatwa, serikali haipotezi kitu. Basi ubaya uko wapi?

Katekisimu, namba 2240, inaweka kulipa ushuru chini ya amri ya nne, ile ya kuwaheshimu wazazi. Ila ritani si pesa tu. Ni neno langu: natamka nilichopata. Kuchelewa kutamka ni kosa, ndiyo, na linatibika kwa kutamka. Kuandika sufuri nikijua si sufuri ni amri ya nane kabisa, hata kama hakuna aliyeibiwa.

Nimemwandikia bursa wa ile shule anitumie P9. Faini nitalipa pole pole.