Weka Rula Chini Kwanza

Mwanangu, najua una haraka. Umeshapiga picha ya uwanja, umeilazia rula, na unataka kuniambia mpira ulikuwa mita ngapi kutoka golini. Kaa. Kunywa chai.

Tazama picha hii, imepigwa nyuma ya goli. Kuna alama nne zinazofuatana kuingia uwanjani: mstari wa goli, mstari wa boksi dogo kwenye mita 5.5, nukta ya penalti kwenye 11, na mstari wa boksi kubwa kwenye 16.5. Uwanjani zimepishana sawasawa. Kwenye picha, pima: sentimita 5, kisha 3, kisha 2. Kinachokwenda mbali hubanana.

Sasa polepole. Ya kwanza hadi ya tatu ni 8, ya pili hadi ya nne ni 5, zidisha, 40. Ya pili hadi ya tatu ni 3, ya kwanza hadi ya nne ni 10, zidisha, 30. Arobaini kwa thelathini ni nne kwa tatu. Rudia kwa mita za uwanjani: 11 mara 11, gawanya kwa 5.5 mara 16.5. Nne kwa tatu tena! Kamera hubana urefu na kupotosha pembe, lakini uwiano huu haiugusi.

Mpira wako uko kwenye sentimita 9, katikati kabisa ya nukta na boksi. Mwenye haraka atasema mita 13.75. Uwiano unasema 13.5.

Mimi niliwahi kubishana na wenzangu kutwa nzima juu ya picha kama hii. Hesabu safi, jibu la ajabu. Kumbe mpira ulikuwa hewani, na kilichoinuka huonekana kiko mbali zaidi. Kivuli chake kilikuwa pembeni pale pale, sikukitazama.

Albrecht Meydenbauer, yule Mjerumani, mwaka 1858 alinusurika kuanguka akipima kanisa kuu la Wetzlar, ndipo akawaza kupima majengo kwa picha. Wewe huna hatari hiyo, basi usikimbie. Laza ukingo wa rula kwenye mstari wa chokaa. Ukiona umepinda, lenzi pana ya simu ndiyo imeupinda, piga nyingine.

Halafu uwanja wetu huu ulichorwa kwa hatua za miguu. Uwiano peke yake hautakuambia kama alama zimepishana sawa, wala kama ni mita 5.5 au 5. Nenda kapime alama zile kwanza. Futi kamba iko nyuma ya mlango.