FEZA YA WATU WENGI INAPOVUKA MPAKA



Sisi tunaokaa karibu na mipaka ya inchi yetu, Kasumbalesa, Kavimvira, Goma na kandokando ya ziwa Tanganyika, tunaijua kazi hii. Kuna mkutano ng'ambo. Matoleo yamekusanywa, na mtu mmoja anapewa mfuko ili avuke nao. Ndani mna noti za dola, mna franka zetu, mna pia sarafu nyingi za inchi jirani: za Zambia, za Rwanda, za Tanzania. Mfuko ni mzito. Mbele ya kizuizi mtu wa duane anauliza: unabeba nini? Hapo ndipo swali letu linapoanza.

Swali hili si la hesabu, ni la zamiri. Feza hii ni safi. Haikuibwa, haikuuzwa damu ya mtu. Ni sadaka ya wajane, ya walimu, ya mama wanaouza mihogo. Je, mkristo ana deni la kuitangaza mbele ya serikali? Ao anaweza kuificha bila zambi, kwa kuwa ni mali yake na ya ndugu zake? Tumesikia watu wenye imani wakijibu namna mbili. Tulifikiri pamoja, na tunataka kuwaeleza tulipofika.

1. Sheria inadai nini?

Wengi wanafikiri sheria inakataza kubeba feza. Mara nyingi haikatazi. Inadai neno tu. Kule Marekani, mtu anayeingia ao anayetoka na zaidi ya dola 10,000, noti na sarafu pamoja, anapaswa kujaza karatasi na kuitoa kwa duane. Hatozwi kodi kwa sababu ya karatasi ile. Katika Umoja wa Ulaya kipimo ni yuro 10,000, na tangu mwezi wa 6 mwaka 2021 sarafu za zahabu nazo zinahesabiwa humo, ikiwa zahabu yake inafika sehemu 90 kwa 100. Hapa kwetu Kongo pia kipimo ni dola 10,000. Lakini kanuni hubadilishwa, kwa hiyo kila msafiri aulize banki na duane mbele ya kuondoka, asitegemee habari za barabarani.

Wako wenye akili wanaosema: tuigawe feza, kila mwanakwaya abebe kidogo, hivi hakuna atakayefikia kipimo. Kule Marekani kugawa kwa kusudi la kukwepa karatasi ni kosa lenyewe, hata kama feza ni safi kama maji ya chemchemi. Na sisi tunaona sababu yake. Anayegawa feza ili isionekane amekwisha kujua kwamba ilipaswa kuonekana. Zamiri yake imesema mbele ya duane kuuliza.

2. Sarafu ni mali ya nani?

Wengine watauliza: noti tunaelewa, lakini sarafu ndogo zina shida gani? Tuangalie jambo lililotokea Marekani. Mwezi wa 12 mwaka 2006 serikali ya kule ilikataza watu kuyeyusha sarafu za senti 1 na za senti 5, na kuzipeleka inje kwa wingi. Kisa chake ni bei ya madini. Shaba, nikeli na zinki zilikuwa zimepanda bei, hata madini ya ndani ya sarafu yakapita bei iliyoandikwa juu yake. Senti 5 ya kule ina shaba sehemu 75 kwa 100 na nikeli sehemu 25. Senti 1 za mbele ya mwaka 1982 zina shaba sehemu 95. Basi mtu mwenye tamaa angeweza kujaza magunia, kuvuka mpaka, na kuuza pesa kama chuma.

Kwa hiyo msafiri aliachiwa abebe sarafu hizo za dola 5 tu, yaani sarafu 100 za senti 5, uzito wa nusu kilo. Anaweza kufika dola 25 ikiwa ni wazi kwamba ni za kuweka kama ukumbusho ao za mchezo. Anayevunja kanuni hiyo anaweza kutozwa mpaka dola 10,000 na kufungwa mpaka miaka 5. Mwezi wa 11 mwaka 2025 Marekani iliacha kutengeneza senti 1 za matumizi ya watu, lakini zile zilizokwisha kutoka zingali feza halali.

Sisi watu wa inchi ya shaba tunaweza kuelewa jambo hili kuliko wengine. Kule Katanga, mbele ya wazungu, misalaba ya shaba ilikuwa feza yenyewe, na mwaka 1961 sarafu za Katanga zilichorwa msalaba ule upande mmoja na ndizi upande mwingine. Babu zetu walijua kwamba kipande kimoja cha shaba kinaweza kuwa jembe, bangili ao feza. Lakini kinapokuwa feza, kinakuwa na kazi kwa watu wote. Mwenye kununua chumvi anakihitaji, na mwenye kuuza chumvi anakihitaji ili arudishe baki.

Hili ndilo fundisho la sarafu: bei yake ni yangu, lakini kazi yake ni ya wote. Nikikusanya magunia yake na kuyatoa inje ili niyeyushe, sikumwibia mtu mmoja kitu mfukoni. Lakini nimemwondolea mama wa soko baki yake, na fundi wa baiskeli, na mtoto aliyetumwa dukani. Zambi ya namna hii haina mtu mmoja anayelia, kwa hiyo watu wengi hawaioni kuwa zambi.

3. Shauri la zamani

Jambo hili halikuanza leo. Tunajua kwamba Wayahudi waliokaa mbali walituma kila mwaka toleo lao kwa hekalu la Yerusalema. Katika mwaka 62 mbele ya Kristo, liwali wa Roma katika jimbo la Asia, jina lake Flaccus, alikataza zahabu ile isitoke jimboni. Pale Apamea ilikamatwa zahabu karibu ratili 100, pale Laodikia zaidi kidogo ya ratili 20. Mwaka 59 Flaccus alishtakiwa kule Roma, naye Cicero akamtetea. Alieleza kwamba Baraza la Roma lilikuwa limekataza mara nyingi zahabu kutoka, na kwamba ile iliyokamatwa ilipimwa hazarani na kuingizwa katika hazina.

Muone, ndugu: upande mmoja waamini waliona wajibu mtakatifu, upande mwingine mtawala aliona zahabu ya inchi inaondoka. Kila mmoja alikuwa na neno. Shauri lile halikutulia kwa kuficha. Baadaye Kaisari Augusto aliwapa Wayahudi ruhusa iliyoandikwa kutuma feza yao takatifu Yerusalema, na kuigusa ikawa kosa. Kilichofungua njia kilikuwa karatasi.

Na Ezra je? Aliporudi kutoka Babeli alikuwa na barua ya mfalme Artashasta mkononi. Alichagua wakuu 12 wa makuhani, akawapimia talanta 650 za feza na talanta 100 za zahabu, pamoja na vyombo. Walipofika Yerusalema, siku ya 4 kila kitu kilipimwa tena, na uzito wote ukaandikwa. Kupimwa wakati wa kuondoka, kupimwa wakati wa kufika! Hawa walikuwa makuhani, wala hakuna aliyesema: mnatudharau kwa kutupimia. Hata mtume Paulo, alipokusanya msaada kwa maskini wa Yerusalema, alitaka watu waliochaguliwa na makanisa wasafiri na zawadi ile, ili mtu yeyote asipate neno la kumlaumu. Wahenga wetu nao wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari.

4. Wanaosema: tukisema kweli tutanyang'anywa

Hapa tusijifanye. Kuna neno zito linalosemwa na ndugu zetu, na si neno la watu wabaya. Wanasema: ukitangaza feza, unamwonyesha mtu wa kizuizi mahali pa kukata. Wanakumbuka pia tarehe 25 mwezi wa 12 mwaka 1979, siku ya Noeli, noti za 5 na za 10 za zaire zilipoondolewa gafula. Watu wa vijijini, walio mbali na banki, walibaki na karatasi tupu. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 za zamani zikawa zaire mpya 1. Watu walioonja mambo hayo walijifunza kuweka feza chini ya kitanda na kunyamaza. Hatuwahukumu.

Lakini tuulize: yule anayebeba mfuko wa kanisa, feza ni yake? Kama ningebeba feza yangu mwenyewe na kuificha, hasara ingekuwa juu ya kichwa changu. Mfuko huu ni wa wengi. Duane wakiukuta umeshonwa ndani ya godoro, hawatamnyang'anya mbebaji tu. Watamnyang'anya mjane aliyetoa franka zake za mwisho, naye hakuulizwa kama anakubali bahati nasibu ile. Ujasiri kwa mali ya wengine si ujasiri.

Tena tutofautishe mambo mawili. Kumficha mwizi feza si uongo; hekima inatuamuru hivyo. Hakuna anayedaiwa kufungua mfuko wake barabarani, wala kutaja hesabu kwa kila anayeuliza. Na feza isiyofika kipimo haidai karatasi. Lakini mahali sheria inapodai neno, kunyamaza kunakuwa neno, nalo ni la uongo. Vilevile, kujibu kweli si kutoa matabishi. Mtu wa duane akiuliza kwa sheria, tunamjibu. Akiomba kwa ajili ya mfuko wake, tunamwambia kwa heshima kwamba hatuna ruhusa ya kutoa mali ya watu, na tunaomba karatasi yenye muhuri. Mtu anayeogopa mwanga ataogopa karatasi ile kuliko wewe.

Nayo serikali ina deni lake. Mwaka 1994, kule Los Angeles, mhamiaji mmoja alitaka kupanda ndege na dola 357,144 pasipo kuzitangaza. Feza ilikuwa safi, ya kulipa deni. Mwamuzi wa kwanza aliona kwamba alificha kwa woga, kwa kuwa tangu zamani hakuzoea kuitumaini serikali. Wakubwa walitaka kuchukua feza yote. Mwaka 1998 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, waamuzi 5 juu ya 4, kwamba kuchukua yote kungekuwa malipizi yanayopita kosa, maana kosa lilikuwa kutosema tu.

Tunapenda hukumu hii kwa sababu inashika pande mbili. Haikusema kwamba mtu yule alifanya vema. Haikusema pia kwamba serikali inaweza kumla mtu mzima kwa kosa la mdomo. Msafiri ana deni la kweli, mtawala ana deni la kipimo. Mmoja akikosa kulipa deni lake, mwingine haachiliwi lake. Hapo ndipo wengi wetu tunaanguka: tunafanya uovu wa kizuizi kuwa ruhusa ya uongo wetu. Tukifanya hivyo, watoto wetu wa kwaya wanaotuona tukishona feza ndani ya nguo watajifunza nini? Watajifunza kwamba kweli ni ya siku ya ibada, na mpaka una kanuni zake.

5. Tufanye nini?

Feza ikiweza kupita katika banki ao kwa simu, ipite huko, maana mfuko mwepesi hauna majaribu mengi. Sarafu zibadilishwe ao zitumiwe ndani ya inchi yake. Ng'ambo mara nyingi wabadilishaji hawazipokei. Feza ihesabiwe mbele ya watu 3, iandikwe, na kila mmoja atie sahihi. Wasafiri wawe 2 ao zaidi, na barua ya kanisa inayosema feza ni ya nini na imetoka wapi. Ikifikia kipimo, itangazwe, na karatasi ya duane itunzwe. Walioko ng'ambo waihesabu tena na kutuma jibu. Mwenye kubeba asione haya. Ezra aliwapimia makuhani.

Njia ya mwongo ni fupi, ndugu. Sisi mashemasi tunaoshika mfuko wa kanisa tunaomba mtusaidie kuchagua njia ndefu, hata kama kwenye kizuizi itatugarimu saa 3 za jua. Mtuulize daftari tunaporudi, hata kama mnatupenda. Amani ya Bwana ikae pamoja nanyi. Amina.