Deni la Mbio za Bure

Jumatatu ya kwanza ya Machi, Juni, Septemba na Desemba, saa tisa kamili alasiri, king'ora hulia juu ya mapaa ya Hallonbergen, kitongoji cha maghorofa kaskazini-magharibi mwa Stockholm ninakoishi. Hakuna akimbiaye. Mama anayesukuma kigari cha mtoto huitazama saa yake, kisha huendelea na safari. Ni majaribio. Mwaka 2024 serikali ilizipelekea kaya zote nchini kijitabu cha kujiandaa kwa janga au vita. Hata ardhi ya hapa iko upande wetu: tangu barafu ya kale iyeyuke imekuwa ikiinuka, milimita chache kila mwaka.

Kwetu Pangani, mji ulio usawa wa bahari, kilima cha Bweni kinaonekana vizuri, lakini kiko ng'ambo ya mto, na watu huvuka kwa kivuko. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba katika ghuba hiyo wamekuta tabaka la mchanga wa tsunami ya miaka ipatayo 1000 iliyopita, na ndani yake mifupa ya watu. Tarehe 26 Desemba 2004 wimbi la Sumatra lilichukua saa nyingi kufika Afrika Mashariki. Kenya polisi waliwaondoa watu ufukweni, akafa mmoja. Tanzania walikufa wapatao kumi. Somalia karibu 300. Sweden, isiyo na pwani kwenye bahari hiyo, ilipoteza watu 543, wengi wao watalii waliokuwa Thailand.

Tarehe 11 Aprili 2012 Sumatra ilitetemeka tena, na tahadhari ikafika pwani yetu. Shangazi yangu aliisikia redioni. Aliwaacha dagaa wake kwenye vichanja, mtaji aliokopa kikoba, akakimbilia bara na wajukuu. Wimbi kubwa halikuja. Ilikuja mvua ya masika, dagaa wakaoza. Nilipompigia simu kumpongeza kwa busara yake, aliniuliza: “Nikikimbia tena, mwanangu, dagaa wangu nani atawaanua?”

Katika makongamano yetu (nami nimo, sijitoi) swali kama hilo huitwa ukosefu wa elimu, na dawa yake huwa semina na mabango. Wengine huliita kutawakali kusiko na maarifa, kana kwamba shangazi hajui kuwa ngamia hufungwa kwanza. Mimi naliona ni swali la haki. Anayetoa tahadhari ya wimbi la mbali hana budi kukosea upande wa usalama, hivyo mara nyingi watu watakimbia bure. Hajasema uongo. Lakini hasara ya hadhari yake anaibeba nani? Mwenye mshahara hapotezi kitu. Mchuuzi hupoteza mtaji, na kikoba hakisamehi. Kumwambia akimbie kila aitwapo, bila kumfidia, ni kumtoza bima ya mji mzima.

Nitakumbushwa kisiwa cha Simeulue. Mwaka 2004, kati ya wakazi wapatao 78,000, wimbi liliua saba tu, kwa kuwa wazee walikuwa wamewasimulia watoto wao wimbi la 1907. Hakuna aliyelipwa fidia. Mfano huu umenisumbua muda mrefu. Lakini kule ardhi ilitikisika chini ya nyayo zao, na aliyesema kimbieni alikuwa bibi aliyekimbia pamoja nao. Pangani ardhi hutulia tuli. Hutikisika maelfu ya kilomita mbali, na sauti hutoka redioni, kwa mtu asiye na dagaa juani. Imani ambayo bibi wa Simeulue aliipata kwa kukimbia na watu wake, serikali itaipata kwa kulipa.

Desemba iliyopita king'ora kililia nikiwa kwenye simu na shangazi. Akanyamaza, akasikiliza.

“Mnakimbia?”

“Hapana, shangazi. Wanajaribu tu.”

“Na mngekimbia, mshahara wa leo?”

Nikamwambia ungekuwepo palepale.